Bunju, Samaki Mdogo Mwenye Sumu Kubwa

Mkulima wa Kwanza, au karani wa Kitale na Bungoma, akisikia habari za samaki huwaza kwanza ngege, mbuta, kambare na omena. Hao ndio anaowaona sokoni, na hao ndio anaowajua kwa sura na kwa ladha. Bunju si miongoni mwao. Katika Ziwa Victoria hayumo, wala katika mto Nzoia hayumo. Basi huenda msomaji akauliza: samaki wa bahari, aliye mbali na mlima Elgon kwa safari ya siku nzima na zaidi, ana uhusiano gani na mtu alimaye mahindi?

Jibu lake ni mambo mawili. La kwanza, watu wa bara hawakai bara siku zote. Kila mwaka vijana hushuka Mombasa, Kilifi, Malindi na Kwale kwa kazi ya ualimu, ya ukarani, ya ujenzi na ya hoteli, na huko hukuta samaki wasiofanana na wale wa nyumbani. La pili, bunju anaye ndugu yake aliye karibu zaidi kuliko bahari. Maji ya mto Suam, yanayoteremka kutoka Elgon na kupita mpakani pa Kenya na Uganda upande wa Endebess, hubadili jina na kuitwa Turkwel, kisha huishia katika Ziwa Turkana; na katika ziwa hilo ndugu huyo yumo. Kwa hiyo habari hizi si za watu wa pwani peke yao.

Tena liko jambo moja la kukumbukwa tangu mwanzo. Sumu ya bunju mara nyingi haimpati mvuvi, kwa kuwa mvuvi anamjua. Humpata mgeni asiyemjua, au mtu anayemjua lakini akampuuza.

UMBO LAKE

Bunju ni jina la jamii kubwa ya samaki, na wataalamu wamehesabu aina zaidi ya 180 duniani. Wako wakubwa wanaofikia urefu wa mita moja, na wako wadogo wanaotosha katika kiganja cha mkono. Wote wana alama zinazofanana. Kichwa chao ni kikubwa kuliko kiasi cha mwili, macho yao yametokeza, na ngozi yao haina magamba kama ya ngege, bali ni laini au ina vijiiba vidogo vinavyokwaruza mkono. Hawana mbavu, wala hawana yale mapezi mawili ya chini ya tumbo ambayo samaki wengi wanayo.

Kinywa chake ni cha ajabu. Meno yameungana yakawa bamba gumu, mawili juu na mawili chini, yakafanana na mdomo wa kasuku. Ndiyo sababu wataalamu waliiita jamii hii kwa neno la Kiyunani lenye maana ya “meno manne”. Meno hayo hukua siku zote, kama ya panya, na hapana budi samaki ayasugue kwa kutafuna vitu vigumu. Basi chakula chake ni konokono wa bahari, kaa, chaza, sifongo na mwani uotao juu ya mawe. Bunju mkubwa aweza kukata ndoana, na hata kidole cha mtoto anayemchezea.

Lakini watu wengi humjua kwa jambo jingine, nalo ni kuvimba. Bunju si mwepesi wa kukimbia, kwa kuwa huogelea kwa kupepea mapezi madogo ya mgongoni na ya chini karibu na mkia. Akiona adui amemkaribia, hugugumia maji kwa haraka na kuyajaza tumboni. Tumbo lake hutanuka, ngozi nayo hunyumbuka, na kwa kuwa hakuna mbavu za kuzuia, samaki mzima huwa kama mpira. Adui aliyetaka kumeza kitu kama kidole huona mbele yake kitu kama chungwa, tena chenye miiba. Akitolewa majini na mvuvi hufanya vivyo hivyo kwa hewa. Hapo ndipo watoto wa pwani humpiga teke mchangani na kucheka, na wageni hustaajabu.

MAISHA YA BUNJU MDOGO WA MIAMBA

Katika miamba ya matumbawe ya pwani ya Kenya na Tanzania yuko bunju mmoja mdogo sana, ambaye jina lake la kitaalamu ni Canthigaster valentini. Urefu wake haupiti sentimita 11. Mwili wake ni mweupe wenye madoa madogo ya rangi ya kahawia, na mgongoni ana mapande manne meusi, kana kwamba ametandikwa matandiko. Mwogeleaji humkuta mchana kweupe akizunguka miamba polepole, bila kujificha na bila haraka.

Dume huwa na eneo lake analolilinda, na ndani ya eneo hilo huishi majike kadhaa, kila mmoja na sehemu yake. Jike achaguapo mahali pa kuzalia, huweka mayai katika kichaka kidogo cha mwani, kisha huenda zake. Wala baba wala mama hawakai kuyalinda. Samaki wengine wangefanya hivyo wangeikosa mbegu yao yote kwa siku moja, kwa kuwa bahari imejaa wala mayai. Lakini mayai ya bunju huyu yana uchungu wake, na samaki ayaonjaye huyatema.

Sifa yake imeenea baharini hata akapata mwigaji. Katika miamba ile ile yuko samaki wa jamii nyingine kabisa, asiye na sumu hata kidogo, lakini mwenye rangi ile ile, mapande manne yale yale, na mwendo ule ule wa polepole. Samaki wakubwa humwona, humdhania kuwa ni bunju, na humwacha. Yaani huyo huishi kwa kuvaa kanzu ya mwenziwe. Jambo hili laonyesha kwamba hata samaki walao wenzao wamejifunza kumtambua bunju na kumwepuka. Wasemao kwamba mnyama hana elimu wamtazame samaki huyo.

SUMU INATOKA WAPI?

Sumu ya bunju yaitwa tetrodotoksini. Jina hilo lilitolewa na mtaalamu wa Japani, Yoshizumi Tahara, mwaka 1909. Aghalabu hukaa katika ini, katika mayai, katika matumbo na katika ngozi. Na katika aina nyingine imo hata ndani ya nyama yenyewe. Kiasi cha miligramu mbili hivi, yaani kitu kinachoweza kukaa juu ya kichwa cha pini, chatosha kumwua mtu mzima.

Watu wengi hudhani kwamba samaki huyu huitengeneza sumu hiyo mwenyewe. Sivyo. Hutengenezwa na bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo huingia katika viumbe vidogo vya baharini. Bunju huvila viumbe hivyo, na sumu hujikusanya mwilini mwake. Bunju waliofugwa katika mabwawa na kulishwa chakula safi wameonekana hawana sumu.

Mkulima wa Trans Nzoia hatashangaa kusikia haya, maana anao mfano wake ghalani. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui na majirani zake, watu 317 waliugua na 125 kati yao walikufa baada ya kula mahindi yenye sumu ya ukungu. Mahindi hayakuitengeneza sumu ile. Ilitengenezwa na ukungu uliomea juu ya punje zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Tena, kuipika ugali hakukuiondoa. Ndivyo ilivyo kwa bunju. Kumchemsha hakusaidii, kumkaanga hakusaidii, kumkausha juani au kumtia chumvi hakusaidii. Moto unaoua wadudu wa tumbo hauiharibu sumu hii.

Je, kwa nini bunju mwenyewe hafi? Mishipa ya fahamu ya kila kiumbe hupeleka habari kwa kufungua vilango vidogo vinavyopitisha chembe za sodiamu. Sumu hii huenda ikaziba vilango hivyo, kama mtu atiaye kizibo katika chupa, na habari haziendi tena. Lakini vilango vya bunju vina umbo tofauti kidogo, kizibo hakiingii, naye huishi salama na mzigo wake.

KINACHOMPATA MTU ALIYEMLA

Dalili ya kwanza ni ganzi ya midomo na ulimi, nayo huweza kuanza kabla ya nusu saa kupita, au baada ya saa chache. Kisha ganzi hushuka kwenye uso na vidole. Mtu huhisi kizunguzungu, hutapika, hutoka jasho, na maneno yake huwa mazito. Miguu hulegea, mikono hulegea, na mwishowe misuli inayovuta pumzi hulegea nayo. Hapo ndipo mauti yalipo: si katika tumbo wala katika moyo, bali katika pumzi.

Lenye kutisha zaidi ni kwamba mara nyingi akili ya mgonjwa haipotei. Amelala kimya, hawezi kufumbua jicho wala kusema neno, huku akiwasikia jamaa zake wakimlilia. Kwa hiyo mtu aliyekula bunju asidhaniwe upesi kuwa amekufa.

Hakuna dawa inayoiondoa sumu hii mwilini, lakini hii si sababu ya kukata tamaa. Mwili wenyewe huitoa kidogo kidogo. Mgonjwa akisaidiwa kupumua kwa muda wa kutosha, na akifikisha siku nzima akiwa hai, aghalabu hupona kabisa.

NAHODHA COOK NA SAMAKI ALIYENUNULIWA

Mwaka 1774 nahodha Mwingereza James Cook alitia nanga katika kisiwa cha New Caledonia, kilichoko katika bahari ya Pasifiki. Karani wake alinunua samaki kwa mwenyeji mmoja, na samaki huyo alikuwa na kichwa kikubwa cha namna ngeni. Jioni ilikuwa imeingia, na kumpika wote kungechukua muda. Basi Cook, pamoja na wataalamu wawili wa viumbe, Johann Forster na mwanawe Georg, wakaonja ini na mayai tu, tena kidogo.

Kabla ya alfajiri wote watatu walishikwa na udhaifu mkubwa na ganzi ya mikono na miguu. Cook aliandika kwamba hakuweza kupambanua kitu kizito na chepesi. Chombo kilichojaa maji na unyoya wa ndege vilikuwa sawa mkononi mwake. Walitapika, wakatoka jasho, wakapona. Nguruwe wa melini aliyekula matumbo ya samaki yule alikutwa amekufa. Asubuhi wenyeji walipopanda melini na kumwona samaki ametundikwa, walionyesha mara moja kwa ishara kwamba haliwi. Lakini siku iliyotangulia, wakati wa kuuza, hakuna aliyesema neno.

Kisa hiki kina mafunzo. Cook hakuwa mjinga. Alikuwa amezunguka dunia, na wenziwe walikuwa mabingwa wa elimu ya viumbe. Lakini elimu ya samaki yule ilikuwa kwa wenyeji wa ufuo ule, nao hawakuulizwa. Kuuliza si ujinga.

WANAOMLA KWA MAKUSUDI

Nchini Japani bunju huitwa fugu, naye huliwa kama chakula cha heshima na cha bei kubwa. Mwishoni mwa karne ya 16 mtawala Toyotomi Hideyoshi alipiga marufuku ulaji wake, na ni mwaka 1888 ndipo marufuku ilipoondolewa katika mkoa wa Yamaguchi. Siku hizi mpishi hana ruhusa ya kumwandaa pasipo mafunzo na cheti. Hujifunza kumpambanua kila aina, kuondoa ini, mayai na matumbo bila kuyapasua, na kuyatupa mahali penye kufuli.

Hata hivyo, elimu bila utii haikumwokoa mtu. Mwaka 1975 mwigizaji mashuhuri wa michezo ya kuigiza, Bando Mitsugoro wa nane, aliagiza ini la fugu katika mji wa Kyoto, akala sahani nne. Alifariki. Yeye hakuwa mgeni, alijua, akapuuza.

Habari za bahari ya Mediterania nazo ni za upande wa pili. Mfereji wa Suez, uliofunguliwa mwaka 1869, uliiunganisha bahari hiyo na Bahari ya Shamu. Bunju mmoja mkubwa wa Bahari ya Hindi, mwenye rangi ya fedha ubavuni, aliupita mfereji huo, na mwaka 2003 alionekana kwa mara ya kwanza katika maji ya Uturuki. Upesi akaenea hadi Israeli, Lebanoni, Cyprus na Ugiriki. Wavuvi wa huko hawakumjua, wala nyanya zao hawakuwa wamewahadithia habari zake. Watu wakampika, wakaugua, na wengine wakafa. Umoja wa Ulaya unakataza kuuza samaki wote wa jamii hii. Samaki alisafiri, lakini maarifa ya kumwepuka hayakusafiri pamoja naye.

NDUGU YAKE WA ZIWA TURKANA

Bunju wa Ziwa Turkana anaitwa na wataalamu Tetraodon lineatus, na Waarabu wa mto Nile humwita fahaka. Anaishi katika Nile na katika mito mikubwa ya Afrika ya Magharibi. Yumo Turkana kwa sababu zamani sana ziwa hilo lilikuwa kubwa kuliko lilivyo, na maji yake yalifurika mpaka yakaungana na maji ya Nile. Maji yalipopungua, samaki wa Nile wakabaki ndani.

Urefu wake huweza kufikia sentimita 43. Ana mistari ya rangi ya manjano na ya giza inayopita ubavuni toka kichwani hadi mkiani, tumbo jeupe, na macho mekundu. Huvunja magamba ya konokono kwa meno yake kama mtu avunjavyo njugu, naye huvimba kama ndugu zake wa baharini. Kwa kuwa ni wa jamii yenye sumu, mahali pake si chunguni. Tena samaki wakavu wa Turkana hupakiwa malori na kuteremshwa kwa barabara ya Lodwar na Kapenguria hadi Kitale. Basi mnunuzi wa Kwanza afaa kuwa na macho.

MAMBO YA KUSHIKA

La kwanza: samaki ambaye hukumjua usimnunue akiwa amechunwa na kukatwa kichwa. Kichwa na ngozi ndivyo barua yake. Vikiisha kuondolewa, hata bingwa hawezi kuisoma. Mnunue mzima, au kwa mchuuzi unayemjua.

La pili: uwapo pwani au ufuoni pa ziwa, usipokee samaki wa bure kwa furaha tu. Bunju hana bei, ndiyo maana hutupwa mchangani wavuvi wanapokunguta nyavu na madema. Mgeni mwenye njaa au mtoto mwenye udadisi akimwokota, hakuna aliyemwibia mwenziwe, lakini hasara ni kubwa. Muulize mvuvi mzee, hatakucheka.

La tatu: matumbo na vichwa vya samaki huyu visitupwe mahali ambapo mbwa, paka au kuku watavipata.

La nne: mtu akila samaki kisha akaona ganzi ya midomo, asingoje kesho na asilale kwanza. Apelekwe hospitali mara moja, na mabaki ya samaki yachukuliwe ili mganga ayaone. Asinyweshwe wala kulishwa kitu wakati koo limelegea, maana kitampalia. Alazwe kwa ubavu, asiachwe peke yake. Pumzi ikikatika, apuliziwe hewa kwa kinywa bila kukoma mpaka afikishwe penye mashine ya kupumulia. Na wote walio karibu naye waseme maneno mema, kwa kuwa anasikia.

Bunju hana uadui na mtu. Hamfukuzi, hamwumi asipochokozwa, wala hajifichi ili amvizie. Umbo lake la ajabu, mwendo wake wa polepole na kuvimba kwake ni namna ya kusema: niache nipite. Samaki wenzake wamelisikia neno hilo. Mtu wa bara naye, akilisikia mara moja na kuwafundisha watoto wake, hatakuwa na haja ya kulisikia mara ya pili.